Ndani ya Kabati la Samaki

Huko Keko, Dar es Salaam, samani hupangwa kando ya barabara zikiwatazama wapita njia. Mteja hupitisha kiganja juu ya meza, hufungua droo na kuifunga, kisha hubishana bei. Fundi analijua vizuri jicho la mteja, ndiyo maana jasho lake jingi huishia kwenye uso wa mbao: msasa laini, vanishi, mng'ao. Kabati la kubebea tanki la samaki haliendi na desturi hiyo. Kwa nje ni kabati tu. Ustadi wake uko ndani, gizani, nyuma ya pampu na mipira ya maji, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeinama kutazama. Ndiyo sababu naisifu kazi hii.

Tanki la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 likijaa lina lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja. Bado hujaweka mchanga, mawe na uzito wa kioo chenyewe. Mzigo huo haushuki usiku wala sikukuu. Mbao kavu huubeba miaka. Mbao zilizolowa huvimba, maungio hulegea, kabati huinama upande mmoja; na kioo hakijui kuinama. Anayepaka ndani ya kabati dawa ya kuzuia maji analinda kioo kilicho juu na sakafu ya watu iliyo chini.

Maji yenyewe hayaji kwa kishindo. Ni mpira wa kichujio uliolegea kidogo, ni mkono uliotoka kwenye tanki ukafungua mlango kabla ya kufutwa, ni unyevu unaotuama kwenye kona. Tanki likiwa la maji ya bahari, chumvi hutambaa ikifuata waya na mipira, ikaacha ukoko mweupe usiokauka sawasawa.

Fundi mwenye kuujua ubao anajua pia kwamba haunywi maji kwa usawa. Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kutoka mizizini kwa mishipa myembamba inayofuata urefu wa shina, na mishipa hiyo hubaki wazi pale msumeno ulipokata. Uso wa ubao hunywa kidogo. Vichwa vyake, yaani ncha zilizokatwa, hunywa kupindukia. Mtazame akiwa kazini. Mkono wa kwanza wa epoksi kwenye kichwa cha ubao humezwa papo hapo, pakabaki kama hapajaguswa. Anarudia. Anarudia tena, mpaka ubao ushibe na mng'ao ubaki juu. Mwenye haraka hupaka mkono mmoja kila mahali akafunga kopo, na kabati lake litaoza likianzia pembeni.

Matundu ndiyo mtihani mkubwa zaidi, maana kila tundu la mpira au waya linafungua mishipa mipya katikati ya ubao uliokwisha kupakwa. Wajenzi wa boti wana dawa yake: toboa tundu pana kuliko unalohitaji, lijaze epoksi, ikishaganda toboa tena katikati kwa kipimo chenyewe. Sasa kinachopita humo kinapita ndani ya epoksi, hakigusi ubao. Ni kazi mara mbili kwa tundu moja, na mteja halipi hata shilingi zaidi kwa ajili yake.

Kuhusu mbao sina maneno mengi. MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, ikivimba hairudi, basi iachwe kwa kabati la nguo. Paini ya shamba la miti la Sao Hill inatosha kabisa ikiwa imekauka. Msaji wa shamba la Longuza ni mzuri lakini una mafuta yake, lazima ufutwe kwa spiriti ili gundi au rangi ishike. Plaiwudi ndiyo ya kuchunguzwa: chukua kipande, kichemshe kwenye sufuria. Tabaka zikiachana, gundi yake ni ya kukaa ndani ya nyumba kavu, hata muuzaji akiapa.

Epoksi haikauki kama rangi ya mafuta. Huganda baada ya sehemu zake mbili kuchanganywa kwa kipimo, na hutoa joto ikiganda. Kwa joto la Dar es Salaam, ukiiacha kwenye kikombe kirefu itakuwahi kabla hujamaliza kona ya pili. Ndiyo maana wazoefu huimwaga kwenye sinia, ikatandaa ikapoa. Silikoni ya kuziba kona nayo husubiri hadi mwisho, kwa kuwa rangi haishiki juu yake hata kidogo. Ajabu yake ni kwamba huganda kwa kunyonya unyevu wa hewani, huku ikitoa harufu kali ya siki. Kitu cha kuzuia maji kinahitaji maji kidogo ili kikomae, na hewa ya pwani inayo ya kutosha.

Kwa nini silikoni, wakati epoksi ni ngumu zaidi? Kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa upande wa upana, masika na kiangazi, na kitu kigumu kwenye kona hupasuka. Waunda majahazi wa pwani hii walilielewa jambo hilo zamani sana. Kati ya ubao na ubao walikalafati kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, wakaishindilia kwa patasi na nyundo, kwa kuwa pamba hukubali kubanwa bila kuvunjika. Chini, panapokaa majini, wakapaka deheni ya chokaa na shahamu. Tofauti ni kwamba jahazi huzuia maji yasiingie, na kabati huzuia yaliyoingia yasitoke. Inua ukingo wa sentimita 3 kwenye sakafu ya kabati la sentimita 110 kwa 45, na litashika karibu lita 15 kabla tone moja halijafika kwenye zulia.

Naongeza jambo ambalo wapenda rangi hulisahau: mgongo wa kabati uachwe wazi, hewa ipite. Ubao uliofungwa ukiwa na unyevu huoza ndani ya rangi yake mwenyewe, na hakuna kitu kuvu inachokipenda kama giza lisilopitiwa na hewa. Na rangi ya mwisho ya ndani iwe nyeupe. Nyeusi hupendeza, lakini huficha tone.

Ukienda kuchukua kabati lako, usianze na milango. Ingiza kidole kwenye tundu la mpira, upapase ukingo wake pande zote. Ukiwa laini na mgumu kama kioo, lipa bila kubishana. Ukisikia nyuzi za ubao, mwambie fundi alimalize kwanza.