Heroe Waliomezwa na Brashi

Ukisimama Baboon Cliff unaliona Ziwa Nakuru lote, na heroe wakiwa wengi hugeuka utepe wa waridi ukingoni mwa maji. Niliupiga picha utepe huo kwa simu, nikaupitisha kwenye Prisma, programu ya simu inayoigeuza picha ionekane kama mchoro wa brashi. Vilima vilipendeza, maji yalipendeza, lakini heroe hawakuwepo tena. Palibaki mchirizi mwekundu kama rangi iliyomwagika mezani.

Chanzo kilikuwa picha yangu. Mwaka 2015, Leon Gatys na wenzake wawili huko Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba mtandao wa neva wa kompyuta unaweza kutenganisha kilichomo pichani na namna kilivyochorwa, kisha ukakivisha mtindo wa mchoro mwingine. Prisma ilitoka mwaka uliofuata. Katika mbinu hii mtindo hupimwa kwa picha nzima: rangi gani huandamana na mstari gani, bila kujali viko upande upi. Ndiyo maana anga tupu la adhuhuri hujazwa mizunguko ambayo hukuiomba. Brashi haina habari kwamba pale pangeachwa patulie. Tena mpigo wa brashi una upana wake. Heroe mwenye upana wa pikseli tano au sita hawezi kupona chini yake.

Niliporudi niliwaacha heroe. Tangu miaka ya 2010 ziwa limepanda na kuua migunga mingi ya ukingoni, na magogo yake yamesimama majini, meupe na makavu. Saa moja asubuhi, kupitia dirisha la gari, nililenga gogo moja lenye mnandi juu yake. Jua lilikuwa chini na likipiga kutoka ubavuni, kwa hiyo gogo lilijitenga na maji kwa ukingo mkali, nayo maji yalikuwa na viwimbi vya kutosha kuipa brashi pa kushika. Nilikata picha mpaka gogo likachukua karibu nusu ya kimo chake. Filta ilikuwa ileile. Safari hii kila tawi lilisimama.

Jambo moja huwaponza wengi: picha iliyopokelewa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa. Ndani yake mna vijiraba ambavyo jicho huviruka, ila programu huvidhania mistari na kuvipaka kwa bidii. Mwombe mwenzako aitume kama dokumenti.

Nyuso zinataka uangalifu zaidi. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita humwangukia mtu utosini. Macho huzama kwenye kivuli, na filta hukigeuza kivuli hicho kuwa shimo jeusi. Kwa ngozi yetu nyeusi hasara ni kubwa, maana shavu na kivuli huungana kuwa doa moja. Mpeleke mtu kwenye baraza au chini ya mti, kisha uyainue maeneo ya giza kidogo kabla ya kugusa filta yoyote.

Nguvu ya filta nayo siiachi juu kabisa. Ile ya mnandi niliishusha hadi karibu nusu, kisha nikaifungua picha hiyo katika Snapseed, programu ya kuhariri picha, nikalaza picha halisi juu yake na kuirudisha kwa kidole mahali pawili tu: mdomo wa ndege, na kifua chake cheupe.