Mchango wa Wanafunzi Ukifika Masisi: Gunia, Kuponi au Noti?

Wanafunzi wakichangisha kwa ajili ya maafa ya nchi ya mbali, mwisho wa siku husomwa hesabu moja tu: zimepatikana ngapi. Kwa mama aliyekimbia vita Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, swali lenye uzito ni jingine: mchango huo utamfikia kwa sura gani? Gunia la unga, kuponi, au noti mkononi? Swali hilo limewahi kupimwa, tena Masisi kwenyewe.

Tuanzie kwa wachangaji. Nchini Norway, tangu 1964, wanafunzi wa sekondari huacha masomo siku moja kwa mwaka, wakafanya kazi ya kuajiriwa, na ujira wao ukaingia katika mfuko wa Operasjon Dagsverk. Mradi wa kusaidiwa huwa umeshachaguliwa kwa kura za wanafunzi wenyewe, na kabla ya kazi hutolewa mafunzo kuhusu nchi husika. Ireland nako, shirika la Concern, lililozaliwa 1968 kwa sababu ya njaa ya Biafra, Nigeria, limekuwa likichangiwa na wanafunzi wanaojinyima chakula saa 24, ndugu na majirani wakiahidi kutoa kitu kwa kila anayetimiza. Njia zote mbili huleta fedha, wala haziachi rundo la nguo kuukuu la kusafirisha. Fedha haiozi bandarini, na uamuzi wa kuigeuza kuwa kitu unaweza kusubiri mpaka imkaribie mhitaji.

Kati ya 2011 na 2012, Concern hiyohiyo iliendesha mgawo wa msaada kwa wakimbizi wa ndani waliokuwa katika kambi isiyo rasmi karibu na mji wa Masisi. Mtafiti Jenny Aker wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, aliupima mgawo huo. Kaya zilipangwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, ili yaweze kulinganishwa kwa haki. Thamani ilikuwa ileile: dola 130 kwa kaya, kwa awamu tatu. Kundi moja lilipata fedha kupitia akaunti katika ushirika wa akiba na mikopo. Jingine lilipewa kuponi za kutumia kwenye gulio lililoandaliwa na shirika: wafanyabiashara wanaleta mali, wanapokea kuponi, kisha wanazirudisha kwa shirika na kulipwa.

Vikapu vya makundi hayo vilitofautiana. Waliopewa fedha walitawanya matumizi yao katika mahitaji ya namna nyingi. Waliopewa kuponi walifungwa na kilichokuwa kwenye meza za gulio siku ile, na chumvi ikawa miongoni mwa vitu walivyonunua kwa wingi. Hapo pana akili ya soko. Chumvi haiharibiki, hugawika kwa vipimo vidogo, na kila jikoni huihitaji; aliyebanwa na kuponi anaweza kuigeuza akiba au kuiuza tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: aliyepanga gulio hakuweza kujua mahitaji ya kila kaya.

Hata hivyo, ulaji na hali ya maisha kwa jumla havikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Tofauti iliyobaki ni ya gharama, na hapo fedha ilishinda pande zote mbili, kwa shirika na kwa mpokeaji. Sababu haiko mbali. Gulio lina kazi nyingi: kuchapa kuponi, kuandikisha wauzaji, kukagua bei, kulinda uwanja, kisha kuhesabu vikaratasi kimoja kimoja kabla ya kulipa.

Matokeo hayo yana masharti yake. Masisi ya wakati ule ilikuwa na soko linalofanya kazi na mahali pa kutolea fedha. Ukiondoa kimojawapo, hesabu inageuka.

Walikale ndiyo inayoonyesha ugumu huo. Ni teritori kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, yenye misitu mingi na barabara chache, na kwa miaka ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo. Mahali ambapo sabuni na mafuta hutoka mbali, kumwaga fedha bila bidhaa kuongezeka kunapandisha bei tu, na asiyepewa msaada anaumia mara mbili. Hapo magunia, au kuponi zinazomvuta mfanyabiashara alete mali, vina nafasi yake. Dawa na chakula cha tiba kwa watoto wenye utapiamlo navyo haviachiwi soko.

Njia ya fedha nayo hukatika. Waasi wa M23 walipoingia Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Machi mwaka huohuo waliingia mji wa Walikale-Kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika hali hiyo huduma za fedha kwa simu, kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, husaidia, lakini salio kwenye simu halinunui muhogo ikiwa wakala hana noti za kutoa. Noti zenyewe zina masharti: Kongo, dola iliyochanika hata pembeni hukataliwa dukani. Anayegawa fedha bila kukagua noti anamwachia mpokeaji karatasi isiyonunua kitu.

Kwa hiyo kamati ya wanafunzi inayotaka kuchangia Masisi au Walikale iliulize shirika litakalogawa mchango maswali matatu kabla ya kuanza kuchangisha. Soko la karibu na kambi lina bidhaa, na bei zake zilikaguliwa lini? Nani anatoa noti, na ada ya kuzitoa inalipwa na nani? Barabara ikifungwa, shirika lina ruhusa ya kubadili fedha kuwa bidhaa, au bidhaa kuwa fedha, bila kurudi kwa wachangaji? La tatu ndilo hupuuzwa zaidi, na liko mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Tangazo linaloahidi “gunia moja kwa kila familia” huvutia wachangaji, lakini linamfunga mgawaji hata pale gunia lisipopita Sake, mji ulio kwenye njia ya kutoka Goma kwenda Masisi. Ahadi iandikwe kwa upana: msaada kwa waliokimbia, kwa njia itakayofaa siku utakapofika. Kisha, shughuli ikiisha, wachangaji wasomewe pia ni kiasi gani kilifika na kwa sura gani.