Jino na Ulimi katika Kisa cha Punda wa Dobi

Wasomaji wengi wa hekaya zetu za wanyama wamezoea kuwagawa wanyama hao mafungu mawili kwa kutazama vinywa vyao. Walao nyama huhesabiwa kuwa wadhalimu, na walao majani huhesabiwa kuwa wanyonge. Kisha sungura hutolewa katika fungu la pili akatukuzwa kuwa wakili wa wanyonge, ambaye akili yake hulipia upungufu wa meno yake. Mgawanyo huu ni mwepesi kufundishwa, na katika hekaya kadha wa kadha hauna makosa. Walakini iko hekaya moja mashuhuri isiyoukubali hata kidogo, nayo ni Kisa cha Punda wa Dobi, kilichopigwa chapa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja.

Kisa chenyewe ni viwili, kimoja ndani ya kingine. Kima na papa walifanya urafiki penye mkuyu ulioota katika kilindi. Kima alikula matunda yake na kumtupia mwenzake. Siku moja papa alimwalika kima kwao, akampakia mgongoni, na walipofika kati ya bahari akamweleza kweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima alijibu kwamba watu wa taifa lake huiacha mioyo yao mitini wasafiripo. Akarudishwa kuuchukua, akaruka mtini, asishuke tena. Papa alipomwita ndipo aliposimuliwa habari za punda aliyemtoroka dobi, akanona mwituni, akaonwa na sungura. Sungura alikwenda kwa simba, ambaye alikuwa ametoka katika ugonjwa na mwili wake dhaifu, akamwahidi nyama. Kisha akamwendea punda na maneno ya posa. Punda alifika, akarukiwa, akapiga mateke, akaokoka. Sungura alimfuata mara ya pili, naye akarudi, akauawa. Simba aliagiza nyama iokwe, naye akataka moyo na masikio tu. Sungura alivila vyote viwili, na alipoulizwa alijibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angalikuwa navyo asingalirudi.

Wajuao Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, na ambacho shina lake ni Panchatantra ya Bara Hindi, watakitambua kisa hiki mara moja. Huko kwa Waarabu rafiki wa majini ni kasa, na anayemtumikia simba ni mbweha. Pwani yetu ikaweka papa mahali pa kasa, na sungura mahali pa mbweha. Aghalabu husemwa kwamba hapa msimulizi aliwaondoa wageni akaweka wenyeji, na neno likaishia hapo. Mimi siridhiki na maelezo hayo. Simba naye si mnyama wa Unguja, wala hakuzuiliwa kuvuka bahari akaingia katika hadithi; kama yeye aliweza kuvuka, mbweha asingalishindwa. Mabadiliko haya mawili, yakitazamwa pamoja, yamegeuza maana ya kisa chote.

Mbweha ni mla nyama. Tena ni mla nyama mdogo anayemwandama mkubwa ili apate makombo, na kwa hiyo akimpelekea simba punda tunaelewa anatafuta nini. Wizi wake wa moyo na masikio ni wizi wa njaa. Lakini sungura ana haja gani na nyama ya punda? Majani yamemzunguka pande zote. Hana njaa ya kumsukuma, hana watoto wanaomlilia nyama, wala simba hakumtishia kwamba asipoleta mnyama ataliwa yeye. Alimwona punda amenona, akaenda kumnadi. Katika kisa cha Kiarabu ujanja ni mtumishi wa tumbo. Katika kisa cha Unguja ujanja hautumikii tumbo la mjanja hata kidogo, na kwa sababu hiyo unatisha zaidi.

Upande wa pili nao umepinduliwa. Papa, ambaye baharini ni jina la kuogofya, tunamkuta chini ya mti akingoja kutupiwa matunda kama mtoto. Msimulizi amempa mla nyama chakula cha mla matunda, na mla majani akampa nyama. Yamkini atatokea mtu wa elimu ya viumbe akasema kwamba hayo hayawezekani, naye atajibiwa na wenzake wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza habari za papa mdogo wa jamii ya wale wenye kichwa mfano wa nyundo, ambaye walimlisha chakula cha nyasi za bahari sehemu 90 katika mia na ngisi sehemu 10, naye akaongezeka uzito. Na katika jimbo la Yukon, nchini Kanada, sungura wa thelujini wamepigwa picha wakati wa baridi wakila mizoga, hata ya sungura wenzao. Siyataji mambo haya kumtetea msimulizi wetu, ambaye hakuwa na habari za Yukon wala hakuzihitaji. Nayataja kwa kuwa yanaonyesha jinsi ukuta tuujengao kati ya mla nyama na mla majani ulivyo na milango mingi.

Kwa simba, lakini, mlango huo umefungwa, na hapa kisa kina haki kuliko wasomaji wake. Magego ya simba yameumbwa kukata mfano wa makasi, hayawezi kusaga. Jamii yote ya paka haina budi kupata katika nyama baadhi ya vitu ambavyo miili yao haiwezi kujitengenezea ya kutosha, na uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka, na tiger, na duma hawana hata uwezo wa kuonja utamu wa sukari. Ule mkuyu uliowalisha kima na papa usingalimfaa simba kitu. Wala nyama haimjii kwa amri: George Schaller, aliyewachunguza simba wa Serengeti tangu mwaka 1966 hadi 1969, aliwaona wakishindwa katika mawindo yao mara nyingi kuliko walivyoshinda. Simba wa kisa hiki, mgonjwa, aliyepigwa mateke na punda akabaki na aibu yake, yu karibu na simba wa kweli kuliko yule mfalme wa vitabu vya shule. Kisa hakimtukani mahali popote. Ana njaa, anarukia, anakosa, anarukia tena.

Papa naye hakutukanwa, na jambo moja katika mwenendo wake halijaangaliwa ipasavyo. Alidanganya alipoalika, lakini katikati ya bahari, mawindo yake yakiwa mgongoni na maji pande zote, alisema kweli, na kwa kweli hiyo kima akaokoka. Sungura hakusema kweli hata mara moja. Punda hakuuawa na jino tu. Jino lilipokuwa peke yake aliliweza kwa mateke. Aliuawa na posa. Kiumbe aliyekuwa wa kubebeshwa mizigo aliambiwa kwamba yuko anayemtaka, na maneno hayo yalimvuta mara mbili kupita jeraha la makucha.

Hapo ndipo nionapo udhaifu wa kisa hiki, ama tuseme ukali wake. Waswahili husema sikio la kufa halisikii dawa, na hukumu ya sungura juu ya masikio ya punda ni ya namna hiyo hiyo: aliyeliwa ndiye mwenye kosa. Na mwenye kuitoa ni yule yule aliyepeleka posa, moyo na masikio anayokana yakiwa tumboni mwake, na hakuna adhabu inayomfikia. Tunacheka, maana jibu ni jepesi na zuri, na katika kucheka tunaitia sahihi hukumu. Mwalimu anayemweka sungura huyu katika safu moja na yule amshindaye mkubwa kwa akili hana budi kueleza ni mkubwa gani aliyeshindwa hapa. Simba alipoteza kitoweo, punda alipoteza uhai. Akili ya sungura ilifanya kazi upande wa mwenye makucha, na ujira wake akajilipa mwenyewe kutoka katika mwili wa mnyonge.

Kima alikielewa kisa vizuri kuliko wahakiki wengi. Akiwa juu ya mti hakujifananisha na sungura, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumshinda papa kwa werevu. Alijifananisha na punda, akasema kwamba yeye hatarudi mara ya pili. Papa aliyasikiliza yote hayo akiwa majini, na hatuambiwi alimpelekea majibu gani sultani mgonjwa.