Fisi wa Nani?

Ndugu msomaji, chukua hadithi ambazo sisi waandishi chipukizi tunapeana kusoma huku Ngara na Biharamulo. Mtoto akipotea ukurasa wa kwanza, basi ukurasa wa mwisho lazima mama wa kambo afungwe. Kama si yeye, baba mlevi. Ukifika ukurasa wa pili tu umeshamjua mkosaji: ni yule mwenye maneno machache, yule ambaye hakulia vya kutosha. Wenzangu, hiyo si hadithi bwana. Huo ni umbea uliopigwa chapa.

Nataka tulitazame jambo hili kupitia filamu moja ya zamani, A Cry in the Dark, ya mwaka 1988. Mwongozaji ni Fred Schepisi, na Meryl Streep kacheza mama. Imetokana na kitabu cha John Bryson, Evil Angels, kilichotoka 1985, na kitabu nacho kimetokana na kisa cha kweli. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, Lindy Chamberlain na mumewe Michael, mchungaji wa Wasabato, walikuwa wamepiga hema karibu na mwamba wa Uluru, katikati ya Australia. Mtoto wao Azaria, wa wiki tisa, alikuwa amelazwa hemani. Mara mama akapiga ukelele kwamba dingo, yaani mbwa mwitu wa kule, kamchukua mtoto. Mwili wake haujaonekana mpaka leo.

Uchunguzi wa kwanza ulimwamini mama. Watu hawakumwamini. Walimwona kwenye televisheni hatoi chozi, anaeleza kifo cha mwanawe kwa sauti kavu, na kavaa vizuri. Ikazuka kwamba jina Azaria maana yake ni kafara ya jangwani. Uongo mtupu, lakini ulitosha kuwageuza Wasabato kuwa watoa kafara. Hebu mfikirie jirani yako Msabato, yule ambaye Jumamosi hashiki jembe, anageuka mchinja watoto kwa sababu tu watu hawajui anasali vipi! Mwaka 1982 Lindy akahukumiwa kifungo cha maisha akiwa mjamzito, akajifungua akiwa mfungwa. Mwaka 1986 kijikoti cha mtoto kikaokotwa karibu na mapango ya dingo, ndipo akaachiwa. Ile iliyoitwa damu ya mtoto garini, wataalamu wakaona kwamba kwa sehemu kubwa ni dawa ya kupunguza kelele iliyopuliziwa kiwandani. Hukumu ikafutwa 1988. Mwaka 2012, miaka 32 baada ya usiku ule, ndipo ikaandikwa rasmi kwenye uchunguzi wa kifo kwamba alikuwa dingo.

Sasa tuje kwenye fani. Jambo kubwa alilofanya Schepisi ni kuufanya umma kuwa mhusika. Katikati ya kisa anakikata, anatupeleka mezani kwa watu tusiowajua, au baa, na kila mmoja anatoa hukumu kabla hajamaliza kutafuna. Hawana majina na hatuwaoni tena. Lakini ukiwajumlisha, wana nguvu kuliko hakimu.

Mwandishi wa Kagera anapaswa kukaa wima hapo. Fisi tunao. Mama wa Biharamulo akilia kwamba fisi kamchukua mwanawe, wapo watakaouliza fisi kaelekea wapi, na wapo watakaouliza: fisi wa nani? Maana katika masimulizi ya huku fisi huwa na mwenyewe. Anafugwa, anatumwa usiku. Swali hilo likishatoka mdomoni, hakuna anayekumbuka kufuata nyayo. Kule Uluru nako walikuwapo wenyeji wa asili waliosoma nyayo mchangani na kusema ni dingo. Mahakama ikasikiliza zaidi watu wa maabara kutoka mbali.

Lakini filamu hii ina kasoro, nami naisema wazi. Mwongozaji anatuonyesha dingo akitoka hemani. Tangu hapo mtazamaji anajua ukweli, anakaa salama, anawacheka wale wa baa. Hajaribiwi hata kidogo. Mimi ningetaka mtazamaji aachwe gizani pamoja nao, atoe hukumu yake moyoni, kisha ukweli umkute na hukumu hiyo mkononi. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na riwaya inaiweza kuliko filamu, kwa sababu riwaya haina haja ya kuonyesha hema.

Kuna maswali mawili ambayo umma huyachanganya. Mtoto alikuwa chini ya uangalizi wa nani? Na nani kamchukua? La kwanza ni la wajibu wa mzazi, na silikwepi. Mzazi ataulizwa, na atajiuliza mwenyewe mpaka kufa. La pili ni la hatia. Kumwacha mtoto dakika kumi si kumwua.

Wazee wetu wa Ngara wanaijua tofauti hiyo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Watoto wengi walipoteana na wazazi wao katika misafara ile. Kule Benaco mashirika kama Msalaba Mwekundu yaliandikisha watoto na kuwatafutia ndugu. Mama aliyeachia mkono wa mwanawe kwenye msongamano ule, nani angethubutu kumwita mwuaji? Mkono ni ule ule na mtoto kapotea vile vile. Kilichobadilika ni kwamba pale kila mtu aliona msongamano kwa macho yake. Mama wa hemani hakuwa na shahidi wa aina hiyo.

Utaniambia: je, mzazi akishukiwa kwa haki? Swali zuri. Mei 2024, wilayani Muleba, jirani zetu wa Biharamulo, mtoto mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani akiwa na mama yake. Mwezi uliofuata mabaki yake yakapatikana. Kati ya watu tisa waliotangazwa na polisi kuwa wanashikiliwa alikuwamo baba mzazi. Kwa hiyo sisemi wazazi wote ni malaika. Nasema hatia hupimwa mahakamani kwa ushahidi, wala haipimwi kwa machozi kilioni. Na aliyetupia jicho kila mzazi bila ushahidi hawezi kudai kwamba aliona mbali siku moja alipopatia.

Basi mwenzangu unayeandika, kabla hujamfunga mama wa kambo, andika kwanza wale wanaomwangalia. Mwenye duka anasema nini akipima sukari? Nani wa kwanza kuacha kumsalimia? Nani anaendelea kutafuta porini wakati wengine wameshapata jibu? Atakayeandika hadithi ya namna hiyo ailete, tutaisoma kwa sauti hata kama ni ndefu.