Nusu ya Ruiru

Majuzi, katika posta moja ambayo sitaitaja jina, nilimwona karani akiigonga bahasha yangu muhuri kama mtu auaye mende, wino ukatapakaa hata isisomeke tarehe wala mji. Nami nikamkumbuka mzee wa Kihindi wa Thika, mwuza nguo, ambaye muhuri wa posta aliutazama kwa taadhima kama hati ya mababu.

Alasiri, wateja wakiisha kupungua, alikunja marekani na khanga zake, akatia maji ya vuguvugu bakulini, akaziacha stempu zijiachilie zenyewe katika karatasi, kwani kubandua kwa ukucha kwake kulikuwa ni dhuluma. Stempu ya kale ya India aliilaza kifudifudi katika kisahani cheusi, akaidondoshea benzini, na ile nyota iliyofichwa ndani ya karatasi ikazuka kwa nukta chache, kisha ikatoweka. Akanitazama kunitazamia mshangao, nami sikumnyima.

Rafuni, kati ya majora, kilikaa kitabu cha Jal Cooper, yule mjuzi Mparsi wa Bombay, kilichotoka mwaka 1950, juu ya stempu za India zilizotumika ng'ambo. Kwa mabwana hawa muhuri ndio uliokuwa roho ya stempu: ile ile iliyogongwa Bombay si kitu, iliyogongwa Unguja ni johari, maana posta ya Unguja, iliyofunguliwa kwanza 1868, ilikuwa tawi la posta ya India. Na ilipotoka mikononi mwa India, Novemba 1895, stempu zilikuwa bado zile zile za Malkia Victoria, zimepigwa chapa juu yake jina la Zanzibar. Na mpanga herufi mmoja, kwa kughafilika, akapanga “Zanzidar”. Kosa hilo mzee alilitafuta kwa lenzi aushi yake yote, asilipate, wala asichoke.

Siku moja nilimpelekea stempu kutoka barua ya ami yangu, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya kahawa ya Ruiru. Nilikuwa nimeikata kwa mkasi, pande zote nne, nikitarajia sifa. Akaitazama kitambo kirefu.

“Kijana, nusu ya mji umeiacha wapi?”

Muhuri ulisomeka RUI. Herufi zilizosalia zilibaki katika bahasha, na bahasha mama alikwisha kuiwashia jiko. Hakunikemea. Aliuomba mkasi, akautia katika mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

Duka lile sasa lauza simu, na watoto wa Thika, hata wakitaka kukosa kama nilivyokosa mimi, barua ya kukata wataipata wapi? Stempu ile ningali nayo. Nimeiweka peke yake katika ukurasa, na kuliani mwake nimeacha wazi upana wa herufi mbili.