Damu si Ulimi: Neno juu ya Asili ya Kisandawe

Mwaka 1963 Joseph Greenberg alikiweka Kisandawe, lugha ya upande wa Chemba katika Mkoa wa Dodoma, katika jamii moja na Kihadza na lugha za vidoko za Kusini mwa Afrika. Mwaka 2011 Brenna Henn na wenzake walitoa makala juu ya DNA ya Wasandawe, Wahadza na baadhi ya watu wa Kusini.

Kipimo chao kimojawapo ni cha takwimu: ni kwa kadiri gani alama mbili zilizoachana mbali katika kromosomu moja hurithiwa pamoja kupita kiasi cha bahati. Kila kizazi kromosomu hukatwa na kuungwa upya. Hivyo mafungamano ya masafa marefu hulegea kwa muda, ila hudumu zaidi kwa watu waliopata kupungua sana.

Kazi hiyo yastahili sifa. Kosa ni la msomaji anayeigeuza kuwa ushahidi wa undugu wa lugha. Mtoto hurithi kromosomu kwa wazazi wawili tu. Maneno huyapata hata kwa jirani. Wasandawe wengi leo husema Kiswahili, wala DNA yao haikubadilika kwa sababu hiyo. Vidoko navyo hukopwa, kama Kizulu kilivyovikopa.

Undugu wa lugha huthibitishwa kwa maneno na viambishi vinavyolingana kwa kanuni. Kwa kipimo hicho Kihadza hakijapata ndugu, na Kisandawe chaelekea lugha za Kikhoe, ingawa hoja haijaisha. Basi atakayeimaliza hana budi kufika Kwa Mtoro na daftari lake, akawasikilize wazee wangali wapo.