Lami Imetoka Chini ya Gari: Namna ya Kuikagua Kazi ya Fundi

Kutoa lami iliyopakwa chini ya gari kuzuia kutu ni kazi isiyo na sifa. Rangi ya nje kila mtu huiona na injini kila mtu huisikia, lakini huku chini huingia fundi peke yake, amelala chali juu ya gunia. Kwa hiyo kazi mbovu hufichika kwa urahisi, na mwenye gari hana budi kujua kuikagua mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Magari mengi yanayopanda vilima vya Taita yalishuka bandarini Mombasa yakitoka Japani. Mengine yalitumika kaskazini, Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo huanza kukila chuma kabla gari halijaona meli. Lami hupakwa juu ya kutu, gari likapendeza tumboni, mnunuzi akaridhika. Baada ya miaka kadhaa ya mawe ya murram, lami hukauka na kupasuka. Tope jekundu na maji hupenya kwenye nyufa na kukaa humo. Lami iliyofika hapo haikingi chuma tena, inakifuga kwenye unyevu.

Hiyo ndiyo ya kutolewa. Iliyoshika vizuri iachwe. Fundi anayetaka kukwangua gari zima bila kwanza kuchokonoa hapa na pale kwa bisibisi anatafuta kazi tu.

Lami hufuata hali ya hewa, na hapo Mghange, huko juu kwenye vilima vya Taita, ina bahati. Kule chini Voi, adhuhuri lami hulainika, hunata kwenye skrepa na kutapakaa kila inapoguswa. Kule juu, upande wa Vuria, kilele cha mita 2,208, asubuhi za Julai ni za kuvaa sweta, na lami huwa ngumu kiasi kwamba skrepa ikigongwa kidogo kwa nyundo, lami inabanduka vipande vikavu. Kwenye gereji za Ulaya na Marekani wapo wanaopuliza chembe za barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ili kupata matokeo hayohayo. Igandishe ivunjike, au ipashe moto iwe laini uifute. Hapo katikati ndipo panapoharibu kazi. Ukimkuta fundi ameshika grinda yenye brashi ya waya saa saba mchana, jua kwamba anaisambaza lami huku akiing'arisha, na kutu iliyo chini yake inapata mng'ao wa chuma kizima.

Hewa moto ya mashine inakubalika. Moto wa gesi karibu na tangi la mafuta na paipu za breki haukubaliki hata kidogo. Chukua funguo zako uondoke. Petroli ni vivyo hivyo. Mafuta taa yanatosha kufuta mabaki, kwa kitambaa, mahali penye hewa ya kutosha, gari likiwa juu ya stendi na si juu ya mawe. Baadhi ya lami zilizopakwa magari ya kabla ya miaka ya 1980 zilichanganywa na nyuzi za asbesto, kwa hiyo vumbi la Land Rover kuukuu si la kuvutwa puani.

Sasa ingia chini wewe mwenyewe, na tochi, kitambaa cheupe na chupa ya kupulizia maji.

Anza na mishono. Mahali sakafu inapokutana na boksi la chini ya milango, kiwanda kiliziba kwa gundi nzito inayofanana na raba, ya kijivu au rangi ya maziwa, na mara nyingi imefunikwa kwa rangi ya gari. Fundi mchanga akiikuta chini ya lami huikwangua pia, kwa kuwa inatoka kwa urahisi na kazi yake inaonekana safi mno. Mvua ya kwanza, maji yanakuwa chini ya zulia. Fundi aliyekomaa hupunguza nguvu anapokaribia mshono, akabadilisha skrepa ya chuma kwa ya plastiki au ya mbao. Ukiona gundi hiyo bado nzima, ukingo wake haujaliwa, na pembeni yake chuma ni safi, huyo anaijua kazi. Mimi humpima fundi kwa mshono kabla ya kitu kingine chochote.

Tazama matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango: yawe wazi, si yamejaa vumbi la lami. Namba ya chasisi isomeke tarakimu zote, maana iliyosagwa kwa grinda itakuletea maswali siku ya kuuza gari. Bonyeza bushi za raba. Zilizoloweshwa mafuta taa huvimba na kuwa laini. Gonga chuma kwa mpini wa bisibisi. Kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa mdundo mfu. Kitambaa chenye mafuta taa kidogo kikipita na kurudi na rangi ya kahawia nyeusi, lami bado ipo.

Mwisho pulizia maji kwenye sehemu iliyobaki chuma kitupu. Yakitandaa kama utando mmoja, pamesafika. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta yaliyobaki, na praima itakayopakwa hapo itabanduka. Kausha vizuri, kisha praima ipakwe siku hiyohiyo. Kwa ukungu wa Mghange, chuma kilicholala uchi huamka na utando mwekundu, na fundi anayepaka juu ya utando huo amekurudishia kutu uliyomlipa aitoe.

Bei ya kazi hii isipimwe kwa uzito wa lami iliyokwanguliwa. Ukikuta mshono umeliwa, zuia salio mpaka uzibwe upya, hata kama kila kitu kingine kinang'aa.